Darsa ya Ramadhani 11: Mzee Aliyekataa Tende



Ramadhani iliyopita, swala ya Alasiri, mzee wetu mmoja wa safu ya mbele alikaa chini rakaa ya tatu. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Tulipomletea tende akafumba mdomo, kisha akasema kwa shida, "Zimebaki saa mbili na kitu tu, wanangu." Ana ugonjwa wa sukari miaka mingi. Tulimbembeleza mpaka akala, na baada ya robo saa hivi akarudi hali yake, alhamdulillah.

Kumbe alikuwa amesikia kwamba wanga ni mbaya. Akaacha mihogo, chapati, uji, hata mbaazi. Daku yake mayai mawili na chai isiyo na sukari. Lakini vidonge alivimeza vilevile kama zamani.

Hebu tazama Mola alivyoupanga mwili huu. Wanga unaokula hugeuka glukosi, na seli huichoma ndani ya vinu vyake vidogo, mitokondria, ndipo unapata nguvu ya kusimama Tarawehe. Nyingine ini huiweka akiba, kama gramu 100 hivi, na ukifunga hukutolea kidogokidogo. Akiba ikipungua, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo hukubali kuzitumia. Lakini chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa! Haziwezi kuchoma mafuta wala ketoni, zinataka glukosi tu. Basi ini huzitengenezea, hata kama wewe hukula wanga. Subhanallah.

Kwa hiyo mwenye afya njema akipunguza wanga, mwili una pa kushika. Ila asifurahie sana mizani ikishuka wiki ya kwanza: nyingi ni maji, maana kila gramu ya akiba ile hukaa na maji kama gramu tatu. Figo nazo hutoa chumvi na maji zaidi, ndiyo maana kichwa kinamgonga mchana. Anywe maji ya kutosha usiku. (Na sisi wa kaimati na juisi kila futari tusimcheke.)

Wewe unayemeza vidonge kama glibenklamidi, au unayechoma sindano ya insulini, habari yako ni nyingine. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala. Dozi ilipangwa kwa chakula chako cha zamani. Sasa wanga umeuondoa, umefunga saa 13, na dawa ni ileile. Tafadhali, ndugu yangu, zungumza na daktari kabla ya kubadilisha chakula, na dozi usiipunguze kwa kukisia.

Kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, wanachuoni wengi wamelieleza hilo. Kipimo kikisoma chini ya 3.9, au 70 kwa mashine za miligramu, fungua hapohapo hata kama adhana ya Magharibi imebaki dakika tano. Kikipita 16.6, yaani 300, fungua pia na utafute matibabu. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara: atalipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona atalisha maskini. Aliyeitoa ni Mola mwenyewe, sasa wewe unamwonea haya nani?

Mzee wetu alilia siku ile, akidhani Ramadhani yake yote imeharibika. Imamu akamwambia, "Ni siku moja tu, Babu. Utailipa." Ameshailipa. Mwaka huu daktari amempangia dawa upya, na Alasiri anakuja na kipimo mfukoni, na tende tatu kwenye karatasi.

Wabillahi tawfiq.