Binti kilema na kisu cha munganga





Baada ya kumhimidi Allah na kumswalia Mtume wake, khutba ya leo ni juu ya jambo tunalolinong'ona majumbani. Mama mmoja alinijia. Binti yake ni bubu, ana mimba, mume wake yuko machimboni, na munganga wa hospitali amesema atapasuliwa ili azae. Akaniambia: "Mwalimu, wakiisha kumpasua, wafunge na mirija palepale. Watoto wengine atawalea nani?" Nakiri, nilikuwa karibu kusema sawa, maana wakati wa sala ulikuwa umefika. Kisha nikauliza: mwenyewe amesemaje? Hakuna aliyemwuliza.

Vitabu tulivyosoma chuoni vinakubali ishara ya bubu inayofahamika, katika ndoa na hata katika talaka. Ikiwa ishara yake yatosha kumfunga kwa mume, vipi isitoshe mbele ya kisu?

Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa walipokutana Kuwait mwaka 1988 walikata kwamba kuondoa kabisa uwezo wa kuzaa, kwa mwanamume au mwanamke, ni haramu isipokuwa kwa dharura ya kisharia. Kupanga uzazi kwa muda, mume na mke wakishauriana na kuridhiana, bila madhara, walikuruhusu. Dharura ni kama kizazi kimepasuka na damu haikomi: hapo munganga aokoe roho. Taabu ya jamaa si dharura. Na walii wa binti mwenye upungufu wa akili amepewa kumlinda, hakupewa kizazi chake.

Wengine husema: "Twaogopa atabakwa." Katika nchi yetu hofu hiyo si ya bure. Lakini kufunga mirija hakumzuii mbakaji. Kunamwondolea ushahidi wa mimba tu, naye atarudi.

Sheria ya dunia nayo iko hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya watu wenye ulemavu, ambao Kongo iliingia mwaka 2015, wasema katika kifungu cha 23 kwamba wabaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Basi, ewe mjomba, usitie sahihi karatasi ya mtu aliye mzima wa akili.

Tulimwita mdogo wake anayejua ishara zake. Akaonyesha: mtoto mwingine anamtaka, ila apumzike kwanza.

Mwenye shauri kama hilo aje baada ya alasiri, pamoja na binti mwenyewe.