Sakafu ni ya Kukanyagwa

Mtu azungukaye siku hizi katika vitongoji vipya vya miji yetu, toka Dar es Salaam mpaka Mwanza na Mbeya, haoni tu wingi wa nyumba zinazojengwa, bali aona pia jinsi watu wanavyojishughulisha na mambo ya ndani ya nyumba. Wazee wetu walishindilia udongo, wakausiriba kwa samadi ya ng'ombe, wakaishi juu yake. Baadaye ikaja saruji, na wenye uwezo wakaitia rangi nyekundu na kuing'arisha kwa nta. Leo wenye kujenga hutafuta vigae vipana ving'aavyo kama maji yaliyotulia, au vigae vyenye michirizi ya mbao. Juu hupachikwa dari ya jipsamu yenye taa za rangi, na ukuta mmoja wa sebule hupambwa kwa ajili ya televisheni peke yake. Viwanda vya vigae vimejengwa Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na kilichokuwa zamani pambo la mahoteli na mabenki chapatikana sasa hata katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya wilayani.

Hapo latokea swali ambalo kila familia yapaswa kujiuliza: Je, Mkristu afanya vema kutumia fedha nyingi kwa kupamba sakafu na kuta zake, hali jirani yake analala juu ya vumbi? Wengine hujibu upesi kwamba hiyo ni anasa tupu. Wengine hujibu upesi vile vile kwamba fedha ni zao na nyumba ni yao. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana haraka mno.

Kwanza, tusiidharau sakafu njema. Si fadhila kulea watoto juu ya udongo mkavu. Ndimo funza huzaliana, na ndimo mayai ya minyoo hukaa yakingoja mtoto anayetambaa. Tutoe mfano wa mbali, kwa kuwa ulipimwa kwa uangalifu. Nchini Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo, hadi meta 50 za mraba kwa kila nyumba. Wataalamu wakawalinganisha watu hao na wenzao wa jimbo jirani waliobaki na udongo, wakatangaza matokeo mwaka 2009. Watoto wadogo wa nyumba zenye saruji walikuwa na minyoo michache, kuhara kuchache, na upungufu mdogo wa damu. Na mama zao walikuwa na furaha zaidi. Haya yalifanywa na saruji tupu, bila kigae hata kimoja. Basi, anayetaka sakafu safi kwa ajili ya watoto wake ataka jambo jema, na anayetaka iwe nzuri pia hafanyi kosa, maana Mwenyezi Mungu ndiye aliyempa binadamu macho ya kupendezwa na uzuri.

Kosa li wapi, basi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilichunguza jambo hili alipofundisha juu ya mavazi na vifaa vya nje vya maisha. Hakutafuta ubaya katika vitu vyenyewe, bali katika moyo wa mwenye kuvitumia. Alionyesha kwamba mtu huweza kupita kiasi kwa njia tatu: kwa kutafuta sifa za watu, kwa kufuata raha ya mwili kupita kiasi, na kwa kujisumbua mno juu ya vitu. Wala hakuishia hapo. Alisema pia kwamba yupo anayekosa kwa uzembe, asiyejali hata yanayompasa, na yupo anayejivunia unyonge wake ili asifiwe kwa huo.

Tuiweke mizani hiyo juu ya sakafu zetu. Wapo waliokopa katika chama cha akiba ili sebule ifanane na ile ya jirani, na sasa mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule. Wapo waliomaliza nyumba nzuri na hawajamlipa fundi aliyepiga magoti siku nyingi akipanga vigae hivyo kimoja kimoja. Hao wametafuta sifa, na sifa hiyo imelipiwa na mtu mwingine.

Lakini ugonjwa unaotuhuzunisha zaidi ni ule wa tatu, wa kujisumbua mno. Tumeziona nyumba ambamo sebule hufungwa kwa ufunguo hata aje mgeni wa heshima, na watu wa nyumbani wabanana jikoni. Tumewaona watoto wakikaripiwa kwa kucheza, bibi mzee akitembea kwa hofu juu ya vigae laini vilivyolowa maji, asije akateleza akavunjika nyonga, na baba mkwe aliyefika toka shamba akielekezwa apitie mlango wa nyuma, kwa kuwa miguu yake ina vumbi. Nyumba ya namna hii haiwatumikii tena wenyeji wake. Wenyeji ndio wanaoitumikia.

Mtu atatwambia: "Je, niache tope liingie ndani?" La, hasha. Kuvua viatu mlangoni ni adabu ya siku nyingi katika nchi yetu, na kufuta miguu si kudhalilishwa. Twazungumzia jambo jingine: mgeni anapofahamu, kwa jicho la mwenyeji, kwamba sakafu yapendwa kuliko yeye. Mwinjili Luka atusimulia kwamba Bwana wetu Yesu Kristu alialikwa chakulani nyumbani kwa Simoni Mfarisayo. Nyumba ilikuwa na chakula na wageni wa heshima. Lakini Simoni hakumpa mgeni wake maji ya kunawa miguu, na Bwana hakulinyamazia jambo hilo. Mwanamke mwenye dhambi, ambaye Simoni hakutaka hata aguse, ndiye aliyeitunza miguu ile kwa machozi. Twaweza kusema kwamba Bwana aliipima nyumba ya Simoni kwa namna miguu ya mgeni ilivyopokelewa humo.

Wahenga wetu walilijua jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, zilikuwa na mapambo ya kutosha: sakafu za chokaa juu ya boriti za mikoko, na ndani kabisa zidaka za plasta zilizonakshiwa, zenye vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina. Walakini mjenzi aliweka pia baraza ya mawe mlangoni, ili mgeni apate mahali pa kukaa kabla hajaulizwa ametoka wapi. Uzuri wa ndani haukuwa sababu ya kumnyima mtu nafasi ya nje. Mithali yetu yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Haisemi kwamba vigae vyake vipone.

Twaja sasa kwa yule asiyefika hata mlangoni. Mtakatifu Yohane Krisostomo, alipokuwa padre kule Antiokia katika karne ya 4, aliwaonya Wakristu waliopamba kanisa huku wakimwacha maskini uchi. Hakuwakataza kupamba, bali aliwataka waanze na ndugu aliye na njaa. Na katika mapambo aliyoyataja, sakafu na kuta zilikuwamo. Ikiwa asema hivyo juu ya nyumba ya Mungu, tutasema nini juu ya sebule zetu? Na Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mtu akiisha kujipatia ya lazima na yanayostahili hali yake, kilichobaki awape wahitaji. Kanisa halimwambii mwalimu au mfanyabiashara aishi kama asiye na kitu. Lamwambia kwamba yale "yanayostahili" yana mwisho, na kwamba baada ya mwisho huo yupo mtu anayengojea.

Neno hili latuhusu hata sisi makasisi, kwa maana nyumba za mapadre nazo zawekwa vigae, tena mara nyingine kwa sadaka za wajane ambao wao wenyewe hulala juu ya udongo. Yafaa kila halmashauri ya parokia ikumbuke hesabu hiyo kabla ya kupitisha hesabu ya ukarabati.

Kwa hiyo twazishauri familia zetu zishike utaratibu ulio rahisi. Kabla ya kununua pambo lolote, baba na mama wakae pamoja waulizane: Je, ada na michango ya watoto imelipwa? Je, twadaiwa na fundi, au na mtumishi wa ndani? Je, deni hili litatunyima usingizi? Kisha waulizane jambo la nne: Je, wazee wetu na watoto wetu wataweza kutembea juu ya sakafu hii bila hofu? Wakijibu maswali hayo kwa dhamiri njema, wanunue, wapange, wafurahi, na wamshukuru Mungu. Tena jumuiya ndogo ndogo zaweza kufanya zaidi. Watu wa jumuiya moja, wakitoa kila mmoja sehemu ndogo ya fedha anazotenga kwa mapazia na mazulia, waweza kununua saruji ya kufunika chumba kimoja cha mzee asiye na mtoto, na vijana wakatoa mikono yao kwa siku ya Jumamosi. Tendo hilo si hisani ya kupigiwa picha, ni deni.

Tusisahau pia kigae chenyewe ni nini. Wengi hukiita marumaru, lakini si jiwe la marumaru hata kidogo; ni udongo uliokandamizwa na kuchomwa motoni, ukapakwa rangi. Twafikiri tumeukimbia udongo wa wazee wetu, kumbe tumeununua tena kwa bei kubwa. Udongo huo, uwe umesiribwa kwa samadi au umeng'arishwa kiwandani, umewekwa chini kwa kazi moja tu, nayo ni kukanyagwa na miguu ya watu. Mwenye nyumba akilikumbuka hilo, ataipamba sakafu yake bila dhambi, na mgeni mwenye miguu ya vumbi ataingia kwa mlango wa mbele.