Tusiisingizie Qadari



Ndugu zangu katika imani, matokeo ya mwaka wa kwanza yalipobandikwa nilikuta wastani wangu ni 2.5 kati ya 5. Nilikuwa nimetoka Buyenzi, Bujumbura, nikaja Kampala kusoma shahada ya sayansi kwa nia moja: nikimaliza, niombe nafasi ya kusomea udaktari kwa shahada hiyo. Sasa nilitakiwa kurudia kozi mbili, mojawapo kemia. Nikampigia mama simu. Kabla sijajieleza akasema, "Mwanangu, ni qadari ya Allah, usihuzunike." Nikajibu, "Naam mama, ni qadari." Nikaaga haraka.

Usiku ule sikulala. Mama alitamka neno la kweli kwa imani yake, nami nikalichukua neno lile lile kufunika uzembe wangu. Ndipo nikajiuliza: Je, aliyefeli kwa kutojibidiisha ana haki ya kusema "ni qadari"?

Kuamini qadari, ya kheri na ya shari, ni nguzo ya sita ya imani. Hilo halina mjadala. Lakini tuitazame Surat Al-A'raf. Adam na mkewe walipokosea walikiri kwamba wamezidhulumu nafsi zao. Iblis alipoasi alidai kuwa Mola ndiye aliyempoteza. Hakuna kati yao aliyekuwa nje ya qadari, ila waliokiri walisamehewa, na aliyesingizia alifukuzwa. Ndiyo maana wanazuoni wametufundisha kuwa qadari ni faraja ya msiba, wala si hoja ya kutetea kosa.

Nikachukua daftari, nikachora mstari katikati. Upande wa msiba niliandika: nimesomeshwa kwa Kifaransa, hapa mihadhara yote ni ya Kiingereza, tena malaria ilinilaza wiki ya mtihani wa fizikia. Upande wa kosa orodha ikawa ndefu. Usiku wa mpira wa Ulaya. Mihadhara ya asubuhi iliyonipita kwa kulala tena baada ya Alfajiri. Hata Kiingereza kiligawanyika: kutokijua ulikuwa mtihani kutoka kwa Allah, lakini kuona haya kumuuliza mhadhiri mwaka mzima kulikuwa kwangu mwenyewe.

Lililoniuma zaidi ni maabara. Mara tatu nilinakili vipimo vya mwenzangu nikaviandika kama vyangu. Leo ni kipimo cha asidi kwenye chupa. Kesho kitakuwa kipimo cha presha ya mama wa mtu. Nilitaka kuitwa daktari, na huku nilikuwa najizoeza kuandika nisichokiona.

Msiba dawa yake ni subira. Kosa dawa yake ni toba, na toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia; na ikiwa kuna haki ya mja, kumrudishia. Ada yangu inatoka kwenye vitenge anavyouza mama. Kwa hiyo nilimpigia tena, nikamsomea upande wa pili wa daftari.

Atakuwepo wa kusema kuwa kujilaumu namna hii kutamvunja mtu moyo. Kweli, kama ataishia hapo. Lakini katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kukazania lenye manufaa, kumtaka Allah msaada na kutokata tamaa, likishatupata jambo, tusikae kusema "lau ningefanya kadha," kwani "lau" hufungua kazi ya shetani.

Basi nikapiga hesabu. Kozi zikiwa na uzito sawa kila mwaka, hata nikipata 5 kamili miaka miwili iliyobaki, wastani utafika 4.17 tu. Daraja la kwanza, linaloanzia 4.4, limeshanipita. Hilo sasa naliita qadari, baada ya kutubia, na silililii. Daraja la pili la juu linaanzia 3.6, nikipata 4.15 kila mwaka, nitalifikia. Muhula uliopita nilipata 4.1. Bado kidogo.

Huenda nafasi ya udaktari nisiipate. Tiba ni fardhi kifaya. Wakiisimamia wengine kwa uaminifu, umma umetimiziwa haja yake, nami nitatafutiwa na Mola mlango mwingine. Ila maabara sasa naandika ninachokiona, hata kikiwa kibaya.

Mama aliponisikiliza hadi mwisho alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya. Sasa najua nikuombee nini."

Ndugu yangu uliyeanguka mwaka huu, chora mstari wako kabla ya kumpigia mzazi. Allah atujaalie subira katika misiba yetu na ukweli katika makosa yetu. Amin.