Je, Kurithi Maradhi ni Aibu?

Wako watu ambao, wamwonapo mzee atetemekaye mikono na kuburuta miguu, hunong'onezana kwamba ukoo wake una laana, na huwakataza vijana wao kuoa katika nyumba ile. Yafaa tuipime fikira hii kwa uadilifu.

Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1817 na James Parkinson, daktari wa London, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Hutokea zifapo chembe hai za ubongo zitengenezazo dopamini, ambayo husaidia kuongoza mwendo wa viungo. Kwa miaka mingi wataalamu walitafuta chanzo chake katika jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo mwilini, lakini waliwapima zaidi watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 198,000 wa asili ya Afrika, wakiwamo wa Nigeria na Marekani. Katika jeni iitwayo GBA1, isaidiayo kuondoa takataka za mafuta ndani ya chembe hai, yalionekana mabadiliko yaliyo adimu sana kwa Wazungu. Aliyeyarithi kwa mzazi mmoja, hatari yake hufikia mara 1.5 hivi ya mwingine. Aliyeyarithi kwa wazazi wote wawili, mara 3.5 hivi.

Huenda mtu akasema: "Basi damu yetu ina kasoro!" La, sivyo hata kidogo. Kwanza, wengi wenye mabadiliko hayo hawaugui ugonjwa huu kamwe. Hatari si hukumu. Pili, Waafrika si peke yao. Wayahudi wa Ashkenazi, na Waarabu na Waberberi wa Afrika ya Kaskazini, wana mabadiliko yao katika jeni ya LRRK2, na Wazungu wanayo ya kwao katika GBA1 hiyo hiyo. Tatu, hakuna aliyewachagua wazazi wake, na aibu humpasa mtu kwa tendo alilolitenda kwa hiari yake tu.

Dhuluma iko mahali pengine, nayo ni kutojali. Kipimo kitafutacho mabadiliko ya Wazungu tu humwambia Mwafrika kwamba hana kitu, hali anacho. Nasi tumfichapo mgonjwa chumbani twaiongeza dhuluma hiyo hiyo, kwani asiyeonekana hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatafutiwi dawa. Tena twamnyima levodopa, dawa itumikayo tangu miaka ya 1960, ambayo haiuondoi ugonjwa, lakini huwapunguzia wengi kukakamaa kwa viungo.

Basi, ndugu msomaji, umwonapo mzee huyo usiulize ametoka katika damu gani. Jiulize kama amepelekwa hospitali, na kama yuko wa kumshika mkono anywapo maji. Urithi wake hakuuchagua. Namna ya kumtendea twaichagua sisi, na hiyo ndiyo tutakayoulizwa.