Nyimbo Mpya za Noeli na Wajibu Wetu



Kila mwaka, kipindi cha Majilio kikishaanza, mbao za matangazo za parokia na kuta za mitaa yetu hujaa karatasi zenye picha za waimbaji. Huku ni tamasha la kwaya. Kule ni bendi ya vijana watano waliojikusanya wenyewe. Pengine ni binti mmoja na gitaa lake. Wengi wao hatujapata kuwasikia. Hawana kampuni kubwa ya kuwabeba. Wimbo wao wameurekodi kwa fedha walizochanga, wakautia katika YouTube, kisha wakakodi ukumbi, wakaomba watu waje.

Ndipo nyumbani huanza maneno. Mwana amwomba baba ruhusa na fedha ya kiingilio. Baba auliza, "Ni nani hao?" Mwana ataja jina ambalo baba hakulisikia tangu azaliwe. Baba asema, "Noeli ina nyimbo zake, nasi tumeziimba tangu utoto. Hizo zenu ni kelele tu." Mwana anyamaza, lakini kunyamaza si kukubali. Usiku wa mkesha ukifika, mwana hayupo Misani wala hayupo kitandani, na mama yake yu macho akisikiliza mlango. Nyumba yaingia katika sikukuu ya Familia Takatifu ikiwa imegawanyika. Jambo hili si dogo, na hatuwezi kulipita kimya.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu sisi wenyewe. Mara nyingi magazeti ya dini, na hili letu mojawapo, yameandika juu ya muziki wa kuepukwa. Ni mara chache yamesema ni muziki upi wa kutafutwa. Anayemwonyesha mtoto miiba tu, bila kumwonyesha njia, asishangae akimkuta porini.

Basi na tuwakumbushe wazazi habari ya wimbo mmoja ambao wote twaupenda. Mwaka 1818 huko Oberndorf, karibu na mji wa Salzburg katika Austria, alikuwapo padre msaidizi kijana, jina lake Joseph Mohr. Watu wa mahali pale waliishi kwa kazi ya mashua zilizochukua chumvi katika mto Salzach. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, na umaskini ulikuwa mwingi. Padre huyo alikuwa na shairi alilolitunga mwaka 1816. Tarehe 24 Desemba alimpelekea mwalimu wa shule wa kijiji cha jirani cha Arnsdorf, Franz Xaver Gruber, akamwomba alitilie sauti. Usiku ule ule, katika kanisa la Mtakatifu Nikolausi, wale wawili waliuimba mbele ya watu, naye padre akipiga gitaa. Huo ndio wimbo uitwao kwa Kijerumani "Stille Nacht", ambao leo waimbwa duniani kote, na kwa Kiswahili pia.

Fikirini basi. Wimbo tuuitao wa kale, tuutumiao kuwanyamazisha vijana wetu, usiku ule ulikuwa mpya kabisa. Waliouimba hawakuwa na sifa yoyote katika nchi. Hakuna aliyewahi kuusikia kabla ya hapo. Na chombo chake kilikuwa gitaa, chombo ambacho wengine wetu hata leo twakitazama kwa jicho la mashaka. Kama watu wa Oberndorf wangaliziba masikio na kusema, "Noeli ina nyimbo zake," sisi leo tungaliimba nini? Walakini walisikiliza. Baadaye familia za waimbaji kutoka bonde la Zillertal, Strasser na Rainer, ziliuchukua wimbo ule na kuuimba mji kwa mji, hata ukavuka bahari na kuimbwa New York mwaka 1839.

Tena Mama Kanisa mwenyewe atufundisha kutoogopa upya. Katika Misa ya usiku wa Noeli twaimba Zaburi ya 96, na katika Misa ya mchana Zaburi ya 98. Zote mbili zaanza kwa kutualika tumwimbie Bwana wimbo mpya. Si bure. Katika usiku ule Mungu alifanya jambo ambalo halikupata kuonekana tangu kuumbwa ulimwengu: alikuja kukaa kati yetu kama mtoto mchanga. Mtakatifu Augustino alipowahubiria waamini juu ya maneno hayo alieleza kwamba wimbo mpya ni wa mtu mpya, na kwamba sifa iliyo bora ya Mungu ni mwimbaji mwenyewe, ikiwa maisha yake ni mema. Hapo ndipo pana kipimo cha kweli. Hatuulizi kwanza kama wimbo ni wa zamani au wa juzi. Twauliza kama wamfanya mtu kuwa mpya.

Viongozi wa Kanisa wameifuata njia hiyo. Papa Pius XII alitoa barua yake juu ya muziki mtakatifu siku yenyewe ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1955, na humo aliwahimiza wamisionari wazikuze nyimbo za dini za watu waliotumwa kwao. Mwaka 1958 kule Kamina katika Kongo, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na wavulana na walimu wa kwaya yake, waliimba Misa kwa maneno ya Kilatini na kwa sauti na ngoma za Kiafrika. Ndiyo Missa Luba, iliyosikiwa Ulaya mwaka ule ule. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia, uliamuru kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayostahili. Na mwaka huo huo padre wa nchi yetu, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Hao wote, katika siku zao, walikuwa wakileta wimbo mpya, na haikukosekana mioyo ya kuupokea.

Je, maana yake ni kwamba kila kitu kipya kiingie? La hasha! Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Yapo mambo matatu ya kupambanua.

Kwanza, mahali. Wimbo unaofaa ukumbini si lazima ufae altareni. Katika Misa wimbo ni mtumishi: wafuata maneno ya liturujia, wawasaidia waamini wote kusali, nao hautafuti kupigiwa makofi. Kijana akitunga wimbo mzuri juu ya safari ya Yosefu na Maria, atendewe haki kwa kusikilizwa; lakini asinung'unike akiambiwa kwamba nafasi yake ni tamasha la parokia wala si wakati wa Komunyo.

Pili, nyumba ya Mungu. Wako wanaotaka kufanya matamasha ndani ya kanisa, kwa kuwa ukumbi ni ghali. Tarehe 5 Novemba 1987 Roma ilitoa barua inayohusu jambo hilo. Kibali kiombwe kwa Askofu mapema na kwa maandishi. Muziki uwe mtakatifu au wa dini. Sakramenti Kuu itunzwe katika kikanisa cha pembeni au mahali pengine salama na pa heshima. Altare na mimbari viheshimiwe. Tena watu wote waingie bila kulipa. Haya la mwisho twalipenda hasa, kwa kuwa mchungaji wa Betlehemu hakuulizwa kiingilio.

Tatu, wakati. Majilio ni siku za kungojea. Katika Misa za Dominika za Majilio hatuimbi Utukufu, ili usiku wa Noeli wimbo wa malaika uwe kweli mpya kinywani mwetu. Lakini maduka huanza kupiga nyimbo za Noeli tangu Novemba, na ifikapo tarehe 26 Desemba kila kitu kimekwisha, kana kwamba Mtoto amekwisha kuhama. Sivyo. Kipindi cha Noeli chaendelea mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Twawasihi wanaotengeneza matamasha wazitumie siku hizo. Na usiku wa mkesha wauache wazi kwa ajili ya Misa. Tamasha linalowatoa vijana kanisani saa ya Misa, hata likiwa na jina la Yesu katika tangazo lake, limemwalika mgeni wa arusi na kumfungia mlango bwana arusi.

Baada ya kusema hayo, twawageukia ninyi wazazi. Msikataze kabla hamjasikia. Mwana anapotaja jina msilolijua, mwambieni, "Hebu nisikilizishe." Keti naye dakika chache, sikiliza maneno, si mdundo tu. Uliza: Je, wimbo huu wamheshimu Mungu na mwili wa binadamu? Je, ningeweza kuusikiliza mbele ya mama yangu? Ukiwa mwema, nendeni pamoja kuwasikia waimbaji uso kwa uso. Simu huuleta wimbo, lakini haimleti mtu. Katika ukumbi mtamwona kijana akitetemeka kabla ya kuanza, mtamwona akikosea na kuanza tena, mtajua kwamba huyo ni mtoto wa watu kama wa kwenu. Jioni moja ya namna hiyo yaweza kufungua kinywa cha mwana aliyenyamaza mwaka mzima. Na ukiwa mbaya, mwambie kwa nini ni mbaya; amri yenye sababu hukaa moyoni, amri tupu huishia mlangoni.

Nanyi vijana, msidhani kwamba kila kilicho na mvumo kina uzima. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Tafuteni wenyewe: ulizeni walimu wa kwaya, sikilizeni redio zetu za Kikatoliki, tembeleeni parokia za jirani. Na mkiomba ruhusa, semeni kweli mnakokwenda na saa ya kurudi. Uhuru wa mtoto hujengwa kwa matofali ya ukweli.

Liko neno moja la haki ambalo hatutaki kulisahau. Miaka mingi watu waliuimba wimbo wa Oberndorf bila kujua ni wa nani. Wengine waliudhania kuwa wa Michael Haydn. Mwaka 1854 swali lilipotoka Berlin, Gruber ndipo alipoandika taarifa yake ya ukweli. Padre Mohr alikuwa amekwisha kufariki tangu 1848, katika umaskini. Je, sisi twawatendeaje watunzi wetu? Kwaya ngapi huchukua wimbo wa mtu kutoka simu, zikaurekodi na kuuza bila kumwomba wala kutaja jina lake? Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, lakini hata isingalikuwapo, amri ya saba ipo tangu Sinai. Kijana aliyekesha akitafuta noti za wimbo amefanya kazi, na mfanya kazi astahili ujira wake. Mcheza kwao hutunzwa, wasema Waswahili. Basi parokia inayomwalika mwanamuziki aimbe katika sherehe yake isimlipe kwa shukrani peke yake na sahani ya pilau, huku aliyekodisha viti akilipwa fedha taslimu.

Ndugu wapenzi, tamasha la kwanza la Noeli lilifanyika kondeni, usiku, mbele ya watu wasio na cheo. Wachungaji waliusikia wimbo ambao hakuna binadamu aliyepata kuusikia. Waliogopa, yatuambia Injili ya Luka. Basi kuogopa kwetu wazee mbele ya jambo jipya si dhambi. Lakini hawakubaki katika hofu. Walishauriana, wakaenda kwa haraka wakajionee, na wimbo ule ukawafikisha miguuni pa Mtoto. Kisha wakarudi kwa kondoo wao na kwa kazi yao, wakimtukuza Mungu.

Huo ndio mtihani wa kila wimbo mpya utakaobisha mlangoni mwenu katika Noeli hii. Usikieni, ushaurianeni nyumbani, mwende mkajionee. Ukiwafikisha horini, upokeeni kwa furaha, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone. Usipowafikisha, uacheni upite. Na katika usiku wa mkesha, mlango usibaki ukisikilizwa na mama peke yake. Baba, mama na watoto watoke pamoja kwenda Misani, wakaimbe kwa kinywa kimoja wimbo wa kale na wimbo mpya.

Twawatakia wote Noeli takatifu yenye amani.