Mpiga Drams Hukaa Nyuma

Kwa miaka minne niliishi kwa kuuza nyimbo za watu. Nilikuwa na banda la mbao pale Kwa Mathias, Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Ndani palikuwa na kompyuta moja ya mezani, spika mbili na feni iliyozunguka inapotaka. Mteja alikuja na memori kadi au flashi, akaniambia anachotaka, nikamwingizia. Nyimbo kumi kwa shilingi mia tano. Bongofleva ndiyo iliyolipa kodi ya banda, zilipendwa zilinunuliwa mwisho wa mwezi, na injili kila Jumamosi. Lakini walikuwepo wateja wengine ambao hawakuweza kutaja wanachotaka. Hao walikuwa wanagonga meza.

Mtu anasimama mbele yako na kusema, "Ule wa gitaa, hauna maneno," halafu anakosa cha kuongeza. Jina hajui, mwimbaji hayupo, kiitikio hakuna. Basi anagonga kaunta kwa vidole, huku ulimi ukiiga gitaa, na anakutazama kwa matumaini kama mgonjwa anayemwonyesha daktari panapouma. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori lililokuwa likielekea Tunduma. Alipiga "diridiridiri" kwa ulimi mpaka mate yakamtoka. Nikadhani anataka Pump It ya Black Eyed Peas, maana vijana wote waliijua. Akakataa. Alitaka ule wa zamani, usio na watu wanaoongea juu yake. Ndipo nikampa Misirlou ya Dick Dale, iliyokuwa kwenye folda niliyokuwa nimeipa jina "Mchanganyiko". Akaenda kuufungulia kwenye lori lake, mlango wazi, na benchi lote la nje likanyamaza.

Kwenye benchi hilo alikuwa amekaa mjomba wangu. Akasema, "Hiyo ni taarab imekimbizwa."

Tulimcheka. Mjomba alikuwa mlinzi wa usiku aliyekuja bandani mchana kwa sababu nyumbani kulikuwa na joto. Zamani alikuwa mpiga drams, jambo alilolitaja mara chache kama mtu anavyotaja kuwa aliwahi kuishi Tanga. Lakini miezi kadhaa baadaye nilianza kusoma habari za wimbo ule, nikaona kwamba sikio lake lilikuwa limetangulia kusoma kwangu. Misirlou maana yake ni mwanamke wa Kimisri. Ni wimbo wa mashariki ya Mediterania, uliorekodiwa kwa Kigiriki tangu miaka ya 1920, na Wagiriki, Waturuki na Waarabu kila mmoja ana sababu zake za kuuita wake. Dick Dale alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Lebanoni upande wa baba. Mjomba wake, naye alikuwa na mjomba, alikuwa mpiga udi, na Dick mwenyewe alianza na ngoma kabla ya gitaa. Mwaka 1962 aliurekodi wimbo ule wa wazee wake kwa gitaa la umeme, kasi ikiwa juu, akizichapa nyuzi kama mtu anayechapa ngozi. Vijana wa California waliokuwa wakishinda baharini wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao waliuchukua muziki wa namna hiyo na kuupa jina la mchezo wao.

Sasa kumbuka taarab ya Unguja ilinywa wapi. Sultani Barghash aliwaza Cairo alipowaza muziki. Vikundi kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vilifungua shughuli kwa bashrafu, vipande visivyo na neno hata moja. Kwa hiyo mzee mmoja wa Kibaha, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuona mtu akisimama juu ya wimbi, aliposikia gitaa la California alimtambua ndugu. Hakuna aliyemwambia. Kama wimbo ule ungekuwa na maneno ya Kiingereza, nadhani asingemtambua.

Nilichokuwa nikijiuliza mwanzoni ni swali jepesi: kwa nini nyimbo zisizo na maneno hazichakai? Nyimbo za mapenzi za mwaka ule ziliuzwa miezi mitatu zikafa. Misirlou iliendelea kuombwa. Iliombwa pia Wipe Out ya The Surfaris ya mwaka 1963, ambayo baada ya kicheko na jina lake kutajwa mwanzoni, inabaki gitaa na drams tu. Wengi waliielezea kwa vidole, mdundo ule mfululizo ambao mwanafunzi yeyote mwenye dawati na mwalimu aliyechelewa anaweza kuubuni upya. Kijana aliyeupiga, Ron Wilson, aliutoa katika drams za gwaride la shule. Ulirekodiwa ili kujaza upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza, wenye maneno, uliitwa Surfer Joe. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniomba Surfer Joe.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba maneno yana mwenyewe. Mtu akiimba "nimeachwa", ameachwa yeye, na wewe unasikiliza kwa hisani. Mdundo hausemi nani kafanywa nini. Dereva wa Tunduma aliweka humo usiku wake, mizani zake na mkewe aliyemwacha nyumbani, na gitaa halikumkatalia. Bado naamini hivyo. Ila jibu hilo lina upande wa pili ambao ulinichukua muda kuuona, na ulikuwa umekaa kwenye benchi langu ukinywa chai ya rangi.

Huku kwetu ni Uzaramo. Bendi mbili kubwa za dansi za Dar es Salaam, zilizogawana mashabiki kama Simba na Yanga, zinafahamika kwa majina ya ngoma: Msondo, iliyotokana na NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Mlimani Park ya mwaka 1978, ambayo watu huiita Sikinde, ngoma ya ukae. Ukae ni nyumbani kwa Kizaramo. Wimbo wa dansi wa enzi zile huanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, anashauri, analalamika. Kisha mwimbaji anamaliza na ngoma inageuka. Ndiyo chemko. Magitaa yanafukuzana, tumba na drams vinashika usukani, na hapo ndipo waliokaa wanasimama. Nimewaona watu wakivumilia nusu ya kwanza ya wimbo kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Wakati fulani, kwa uchokozi, niliwauliza wazee wa benchini wanitajie waimbaji wa Sikinde. Gurumo, Bitchuka, Chidumule, walitaja huku wakinyang'anyana. Wapiga gitaa? Abel Balthazar, wakasema. Saksafoni? King Michael Enoch! Na drams? Pakatokea ubishi wa majina ya nusunusu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, mwishowe mmoja akasema, "Yule mrefu." Hawa ni watu waliocheza chemko miaka ishirini. Mjomba alikuwepo. Alitabasamu na kuangalia barabara.

Ukumbini ni vilevile. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na kweli watu walitunza, noti zilibandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Paji la nani? La mwimbaji, aliye mbele. Mpiga drams hukaa nyuma, amezungukwa na vyombo vyake, na ukitaka kumfikia lazima uvuke nyaya na spika. Mtu amechezeshwa na mikono ya huyu, anamlipa yule.

Unaweza kuniambia, na rafiki mmoja aliniambia kwa ukali, kwamba ngoma haijawahi kuwa na mwenyewe, na kwamba kuitafutia jina ni ugonjwa wa watu waliosoma. Mdundiko ukipita mtaani watoto wanaufuata kutoka mtaa hadi mtaa mpaka wengine wanapotea, na hakuna mtoto anayeuliza nani mtunzi. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilipotea hivyo nikiwa na miaka sita, nikarudishwa na mama mmoja aliyenijua kwa sura ya bibi yangu. Lakini mpiga mdundiko alikuwa mtu wa kijiji cha pili. Alikula pilau ya shughuli ileile, alipewa chake palepale, na kesho yake ukimkuta kisimani unamwamkia. Hakuhitaji jina kwenye karatasi kwa sababu alikuwepo. Redio ndiyo iliyoitenga mikono na mtu, kisha kanda, kisha flashi zangu. Mikono ikaenda Tunduma na mtu akabaki Kibaha akilinda geti.

Kuna mfano ambao kila Mtanzania wa rika langu anao masikioni. Kabla ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania zililia ngoma. Ulikuwa ukizisikia unajua ni saa ngapi na unajua nyumba itanyamaza. Ni za Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, aliyeweza kupiga ngoma nyingi kwa mara moja akiwa amezipanga kumzunguka. Nadhani hakuna mwimbaji wa nchi hii aliyesikika mara nyingi kama mikono ile. Nami nilikuwa mtu mzima tayari nilipojua kwamba ina mwenyewe. Kabla ya hapo, kama ningeulizwa, ningesema ni ngoma za redio, kama tunavyosema maji ya bomba.

Sheria inajua swali hili. Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na neno hilo la pili nalipenda, maana linamtambua hata yule ambaye hakutunga bali alishiriki kwa kupiga. Wale vijana wa Wipe Out waliandikwa wote wanne kuwa watunzi, mpiga drams akiwemo. Inawezekana, basi. Lakini sheria humtafuta aliyeandikwa, na mimi nilikuwa na maelfu ya nyimbo zilizoitwa Track 01, Track 02. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimeketi upande wa kaunta ambao sheria haikuupenda, nikijifariji kwamba mtu wa shilingi mia tano hamwibii mtu.

Mjomba alifariki wakati wa masika. Tulimzika Jumanne. Siku ya arobaini ilipopita, binti yake alikuja bandani. Akasalimia, akakaa kwenye nafasi ya baba yake bila kujua kuwa ni nafasi yake, akauliza, "Kaka, nyimbo za baba unauza shilingi ngapi?"

Nikajibu, "Bei ni ileile, kumi kwa mia tano." Nilisema hivyo kwa mazoea. Nilipousikia mdomo wangu, nilifungua droo na kutoa elfu ishirini, nikamsukumia. Hakuzigusa. Akasema hakuja kuomba. Alitaka kujua baba yake yupo kwenye nyimbo zipi, amwekee mwanawe.

Sikujua. Hapo ndipo swali langu jepesi lilipoishia. Mjomba alipita bendi kadhaa. Alirekodi na nyingine akiwa mtu wa kuazimwa, akalipwa nauli na chakula, na jina lake halikuandikwa popote. Mtu wa pekee aliyeweza kuniambia alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwenye kompyuta yangu kwa miaka minne. Mara nyingine wimbo ulipokuwa ukipiga alisema, "Hapo tulikuwa na njaa," au, "Hii tulirudia mara sita." Nilidhani anapiga soga. Nilikuwa na mteja.

Tulifunga mlango tukaanza kusikiliza. Yeye alikumbuka jambo moja: baba yake, kabla ya chemko, alichelewesha pigo moja la mkono wa kushoto, kidogo sana, kama mtu aliyesahau kitu akageuka. Alifanya hivyo hata mezani wakisubiri ugali. Basi tukatafuta pigo lililochelewa. Saa nne usiku tulikuwa tumepita nyimbo sitini na kitu, tukizirukisha hadi pale mwimbaji anaponyamaza. Tulipata tatu ambazo wote wawili tulikubaliana bila kuangaliana. Kwenye ya kwanza alilia, na mimi nikajifanya natafuta waya.

Ya nne tulibishana. Yeye alisema ni baba. Mimi nilisikia mkono mzito zaidi, na kuchelewa kwake kulikuwa kwa mtu aliyechoka, si kwa mtu anayechezea. Tukairudia mara nane au tisa. Mwishowe nilibadilisha majina ya mafaili yale matatu, nikaandika jina la mjomba mbele ya jina la wimbo, na la nne nikaliacha. Akanitazama. Nikaliandika na lenyewe.

Kesho yake asubuhi kijana wa bodaboda aliniomba zilipendwa kumi zenye chemko kali, nikamwingizia, hiyo ya nne ikiwemo. Aliangalia kioo cha simu yake akaniuliza huyo ni nani, mbona si mwimbaji. Nikamwambia ndiye anayepiga drams. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mteja kitu kama hicho, na sikuwa na hakika kama nilikuwa nasema kweli. Akavaa spika za masikioni na kuondoka. Mahali fulani huenda kuna binti mwingine anayeutafuta mkono ule mzito, na siku akiupata ataukuta na jina la mjomba wangu.