Spika Inapojaribiwa: Sauti na Mwenye Sauti

Jaribio la spika ni kukisikiliza chombo mbele ya mnunuzi ili aamue kama sauti kinayoitoa inafanana na ile iliyorekodiwa. Ulaya jaribio hilo lina maonyesho yake. Yale yaitwayo High End yalianza Ujerumani mwaka 1982, yakahamia Munich mwaka 2004 na kufanyika huko hadi mwaka 2025. Humo jozi moja ya spika huweza kuuzwa kwa bei ya nyumba, na wageni huketi kimya katika vyumba vilivyozibwa ili kelele za nje zisiingie. Himo, mkoani Kilimanjaro, haina vyumba vya namna hiyo. Katika mji huu wa soko, ulio kwenye barabara itokayo Njiapanda kuelekea Holili na mpaka wa Kenya, sabufa huwekwa kibarazani mwa duka, ikachomekwa flashi na kufunguliwa mpaka wauza ndizi walioshuka na mikungu kutoka Marangu na Mwika waisikie. Fedha zimepishana mno, lakini mnunuzi wa Munich na wa Himo wanasumbuliwa na swali moja: sikio linawezaje kujua kwamba nakala ni ya kweli?

Kusema kwamba kitu kinafanana na kingine kunahitaji vyote viwili viwepo. Kampuni ya Thomas Edison iliielewa hoja hii mapema. Kuanzia mwaka 1915 iliandaa majaribio ya hadhara ambamo mwimbaji alisimama kando ya mashine ya santuri, akaimba, akanyamaza katikati ya wimbo na kuiachia mashine iendelee, mara nyingine taa zikiwa zimezimwa. Mwaka 1916 jaribio kama hilo lilifanyika katika ukumbi wa Carnegie, New York, na wengi waliohudhuria walidai hawakuweza kutambua ni wakati gani mtu alinyamaza. Miaka mingi baadaye Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alikiri kwamba aliirekebisha sauti yake ifanane na ya mashine. Ungamo lake linaigeuza maana ya tukio zima: nakala ilifaulu kwa kuwa asili ilikubali kuiga nakala. Mwingereza Gilbert Briggs, mwenye kampuni ya Wharfedale, alikuwa mwaminifu zaidi alipojaza watu katika ukumbi wa Royal Festival, London, mwaka 1954, akawapigia rekodi na wanamuziki hai kwa zamu. Alau pale msikilizaji alipewa vyote viwili.

Dukani hapewi. Tena wimbo wenyewe unaotumika kujaribia mara nyingi hauna asili ya kufananishwa nao. Bongo fleva hutengenezwa studio kipande kwa kipande: mdundo unatoka kwenye kompyuta, sauti ya mwimbaji inanyooshwa kwa programu, kiitikio kinarekodiwa mara moja na kunakiliwa. Hakuna chumba ambamo wimbo huo uliwahi kusikika mzima kabla ya kutoka kwenye spika fulani ya studio. Kuuliza kama sabufa imeutoa kama ulivyo ni kulinganisha spika na spika, na mwenye spika ya kwanza hayupo Himo.

Hata hivyo, wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wana kipimo ambacho wanunuzi wengi wa mijini hawana. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi huku mwaka 1893, na desturi ya Kijerumani ya vikundi vya tarumbeta kanisani imeota mizizi usharikani. Mtu aliyezisikia tarumbeta na tromboni kwenye sikukuu, harusi na mazishi tangu utoto, bila waya wala maiki, anaujua mlio wa shaba unavyokwaruza kidogo unapoanza na unavyojaa unapopanda. Akiwekewa rekodi ya kikundi cha aina hiyo, hukumu yake ina uzito. Jambo la kusikitisha ni kwamba muuzaji hamwekei hiyo. Anamwekea wimbo wenye besi.

Besi ina sababu zake. Sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa: mlio mdogo hupoteza besi zake kwanza, na ukiongezwa, besi hurudi na muziki huonekana umekamilika. Ndiyo maana kati ya vyombo viwili vinavyolingana, kile kilichoongezwa sauti kidogo tu husifiwa kuwa bora, na msifu huwa hajagundua kwamba kimeongezwa. Wafanyabiashara wa Munich na wa Himo wanaijua siri hii kwa kiwango kimoja. Namba ya wati iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi nayo haifai kuaminiwa. Iliyo karibu na ukweli imeandikwa nyuma, penye waya wa umeme, kwa kuwa chombo hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko kinayoitumia.

Kisha kuna nyumba. Kibaraza kiko wazi upande wa barabara, na besi hutawanyika. Sabufa ileile ikipelekwa kwenye chumba cha zege chenye mita 3.5 kutoka ukuta hadi ukuta, sauti ya mitetemo 49 hivi kwa sekunde hukuta nafasi inayoitosha kabisa, kwani wimbi lake lina urefu wa mita 7, ambazo ni mara mbili ya chumba. Hapo noti moja hunguruma kupita nyingine zote, mabati yakaitikia, na mnunuzi akadhani ameuziwa kibovu. Chombo hakijabadilika. Aliyoisikia kibarazani ilikuwa sauti ya spika pamoja na barabara, na sasa anasikia spika pamoja na chumba. Spika peke yake hataisikia popote.

Kwa hiyo jaribio linapima kitu kimoja kwa uhakika, nacho ni kama msikilizaji amependezwa. Kupendezwa si kosa, ila kunachanganywa na mambo mengine mawili: kufanana na asili, ambako dukani hakupimiki, na haki ya sauti kuchukuliwa kama neno la mtu fulani. Hili la mwisho wauza redio hawalizungumzi kabisa, lakini watu wa dini walilishughulikia kabla umeme haujafika.

Wanazuoni wa fiqhi walijiuliza habari ya sijda ya kisomo, ile ya mtu kusujudu anaposikia aya fulani za Kurani. Je, akiisikia aya kwa mwangwi, au kutoka kwa ndege aliyefundishwa kuitamka? Wahanafi walisema mwangwi haumlazimishi kusujudu, na Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, walikiondoa kisomo cha ndege na cha aliyelala kwa kuwa hakina kusudio. Maneno yametamkika sawasawa, herufi kwa herufi, ila hakuna aliyesoma. Hivyo mashine ya santuri ilipofika nchi za Kiislamu mwishoni mwa karne ya 19, na mjadala wake ukaandikwa na Mholanzi Snouck Hurgronje mwaka 1900, hoja ya msingi ilikuwapo tayari. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), Makka, liliamua kuwa adhana ya kanda haitoshi kuwa adhana. Kipaza sauti hakikuguswa na sababu hiyo, maana muadhini yupo, ananuia, na chombo kinairefusha tu sauti yake. Kwa hoja hii, spika mbovu yenye muadhini nyuma yake ina kitu ambacho rekodi safi kuliko zote haina.

Wakatoliki walifika mahali pa kukaribiana kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1985 Vatikani imekubali kwamba muumini anayeifuata kwa ibada baraka ya kipapa itolewayo na askofu, kwa redio au televisheni, aweza kupata rehema kamili, mradi aifuate wakati inapotolewa. Ubora wa redio haukutajwa. (Rehema zenyewe ndizo zilizomgombanisha Luther na Roma, kwa hiyo jirani Mlutheri ana pingamizi lake, lakini pingamizi hilo halihusu mawimbi.)

Walutheri wa Kilimanjaro wana mfano wao. Sauti ya Injili, redio ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia na kurudi angani kwa masafa mafupi. Serikali ya Ethiopia iliitaifisha mwaka 1977. Masafa mafupi huja na mkoromo, huzama na kuibuka, na hukata sauti za juu. Mhubiri wa Moshi aliyesikika migombani baada ya safari hiyo yote alikuwa na mlio duni kuliko wa sabufa yoyote ya leo. Hakuna aliyeshindwa kuyapokea mahubiri kwa sababu hiyo, na kanda haikuwazuia wasikilizaji pia, ingawa ni kanda ileile iliyokataliwa kwa adhana.

Tofauti iko katika aina ya tendo. Adhana huita watu kwenye saa hii. Baraka hutolewa sasa. Kiapo cha ndoa huwafunga walio mbele ya mashahidi. Matendo hayo yamefungamana na mtu aliyepo na muda unaopita, na kuyapiga tena ni kuyanukuu. Mafundisho hayana saa. Nia ya mhubiri ilikamilika aliporekodi, na hoja yake hubaki ileile iwe imesikika siku hiyo au miaka kumi baada ya kufa kwake. Mawaidha yaliyomo ndani ya flashi, yanayojaribiwa kibarazani Himo kati ya nyimbo mbili za besi, yanabaki mafundisho hata kama muuzaji ameyaweka ili tu kuonyesha jinsi maneno yanavyosikika wazi. Adhana iliyomo ndani ya flashi hiyohiyo, hata ikisikika safi kuliko ya msikitini, haijamwita mtu yeyote kuswali.